Dawa Ikikosekana Zahanati: Maswali Tunayoulizwa Dirishani

Swali: Kufuatilia bei na upatikanaji wa dawa muhimu ni kufanya nini?

Jibu: Dawa muhimu ni zile zinazokidhi mahitaji makuu ya afya ya watu, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza mwaka 1977, na Kenya pia ina orodha yake. Mfuatiliaji huingia zahanati au duka la dawa, huiona dawa rafuni kwa macho yake, kisha huandika bei anayotozwa mgonjwa. Isipokuwapo siku hiyo huhesabiwa kuwa haipo, hata mwenye duka akiapa kwamba itafika kesho.

Swali: Ughali hupimwaje?

Jibu: Huhesabiwa mtumishi wa serikali wa mshahara wa chini kabisa afanye kazi siku ngapi ndipo anunue dawa ya mwezi. Mchukuzi wa soko la Kongowea, hapa Mombasa, ambaye hata ujira huo hana hakika nao, hayumo katika hesabu hiyo.

Swali: Daktari, dawa yangu ya presha imekwisha zahanati. Si ningoje iletwe?

Jibu: La, usingoje. Mama mmoja wa Likoni alikuwa akikata kidonge chake cha presha, amlodipini, nusu, baadaye robo, ili kimfikishe mwisho wa mwezi. Alipovushwa kivuko kuletwa kwetu, mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki, na ndani ya pochi yake vile vipande vilikuwa bado vimefungwa katika karatasi.

Swali: Lakini kichwa hakiniumi.

Jibu: Wala yeye hakikuwa kikimuuma. Presha hupanda bila maumivu, kwa hiyo kutoumwa si ruhusa ya kungoja. Narudia, kwa sababu kila wiki narudia: usingoje, usikate kidonge, usiazime cha jirani.

Swali: Na dukani nikiambiwa bei nisiyoiweza?

Jibu: Taja jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Amlodipini yenye nembo ya kampuni iliyoivumbua huweza kuuzwa mara kadhaa ya bei ya nyingine iliyosajiliwa, yenye kazi ile ile. Ulizia maduka mawili matatu yenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, na ikishindikana kabisa, rudi kliniki ubadilishiwe dawa. Njoo ukiwa umebakiwa na vidonge vya wiki nzima, si jioni uliyomeza cha mwisho.