Lugha ya kufundishia si somo la lugha

Kila mjadala wa lugha vyuoni unapozuka, hakosi mtu wa kusema: "Tukiacha kufundishia kwa Kiingereza, vijana wetu hawatakijua, na dunia itatuacha." Hapo mambo mawili yamefungwa kamba moja.

Lugha ya kufundishia ni ile ambayo mwalimu hutumia kufikisha somo, liwe sheria, kilimo au udaktari. Ndiyo ya mihadhara, vitabu na mitihani. Ile -ia ya mwishoni inaonyesha kwamba lugha hapa ni chombo, kama kisu cha kukatia. Kwenye somo la lugha, inayofundishwa ni lugha yenyewe: sarufi, msamiati, uandishi.

Tofauti hii ina uzito. Uholanzi na Sweden watoto wengi husoma shule kwa lugha zao, Kiingereza wakikipata kama somo, na wanafika chuoni wakikimudu vizuri. Tanzania shule za msingi za serikali zinafundishia kwa Kiswahili tangu 1967, kisha kuanzia sekondari mwanafunzi anatupwa kwenye Kiingereza kwa matumaini kwamba atakiokota njiani huku akihangaika na fizikia. Tume ya Makweta, iliyoundwa na rais kuchunguza elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari na baadaye vyuo vikuu. Serikali haikukubali.

Matokeo yake yanaonekana ukumbini. Slaidi ni za Kiingereza, mhadhiri anaeleza, watu wametulia tuli. Akisema, "Jamani, maana yake ni hivi," na kuhamia Kiswahili, kalamu zinaanza kutembea na maswali yanakuja. Jioni kwenye diskasheni ni Kiswahili kitupu. Siku ya mtihani jibu lazima lirudi kwenye Kiingereza, na aliyeielewa mada barabara lakini sentensi zikamgomea anapoteza maksi. Hilo linaniuma, kwa sababu hakuna aliyemfundisha Kiingereza ipasavyo. Alifundishwa kwa Kiingereza tu.

Na hoja kwamba "chuo cha kimataifa" lazima kifundishie kwa Kiingereza? Mwaka 2012 chuo cha Politecnico di Milano nchini Italia kiliamua shahada zote za uzamili na uzamivu ziwe kwa Kiingereza. Kesi ikafika Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2017 ilisema kozi za Kiingereza zinaruhusiwa, ila Kiitaliano kisifukuzwe moja kwa moja. Nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha shahada za Kiswahili kwa Kiswahili, na wageni wanatoka ng'ambo kuja kukisoma pale pale.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka vijana wajue Kiingereza, niko nawe mia kwa mia. Ila hiyo si hoja ya lugha ya kufundishia. Ni hoja ya walimu wa somo la Kiingereza, vitabu vyao, na idadi ya vipindi wanavyopewa kwa wiki.