Kachumbari ni saladi

Jumapili iliyopita, kwenye chakula cha chama huko Buruburu, nililisikia tena. Mgeni aliuliza kama kuna saladi, na aliyekuwa akipakua akamjibu, "Pole, dada, saladi haipo. Kuna kachumbari tu." Mbele yake palikuwa na bakuli kubwa: nyanya nyekundu, kitunguu cha zambarau, dhania mbichi, vipande vya parachichi. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno mwaka huu, ndiyo maana naandika.

Saladi ni mboga au matunda, aghalabu mabichi, yaliyokatwa, yakachanganywa na kukolezwa kwa chumvi na kitu kichachu au mafuta. Basi. Mayonesi si sharti.

Neno lenyewe linashuhudia. Tumelipata kwa Waingereza, wao wakalipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni "sal", chumvi kwa Kilatini. Saladi ni kitu kilichotiwa chumvi. Mzizi huohuo ndio uliozaa sosi na soseji. Na ile kabichi yenye karoti na mayonesi, ambayo wengi hapa Nairobi huiita saladi kana kwamba hakuna nyingine, jina lake kolslo lina asili ya Kiholanzi: "kool" ni kabichi, "sla" ni saladi kwa mkato. Saladi ya kabichi. Aina moja katika nyingi.

Kachumbari ilitoka upande mwingine wa bahari. Wahindi huiita "kachumbar", na bakuli lao halina tofauti kubwa na letu: nyanya, kitunguu, tango, ndimu. Kihindi kina neno "kachumar", kitu kilichokatwakatwa au kupondwa. Mtu akipigwa sana husemwa ametolewa kachumar. Jina moja limeshika chumvi, la pili limeshika kisu, na sahani ni ileile.

Nimewahi kuelezwa kwa uhakika kabisa kwamba hiyo "ka" ni ya udogo, kama katoto na kagari, kwa hiyo kachumbari ni kitu kidogo cha pembeni. Sivyo. "Ka" ni sehemu ya neno lilivyokuja. Ingekuwa kiambishi, wingi wake ungekuwa "tuchumbari", na hakuna anayesema hivyo.

Nadhani dharau inatokana na mahali tunapokutana nayo. Kando ya nyama choma pale soko la Burma, Nairobi, ndani ya smoki pasua, ile soseji iliyopasuliwa, ndani ya yai la kuchemsha lililopasuliwa, kijiko kimoja na safari inaendelea. Inasindikiza, haialikwi. Lakini ijaze bakuli, uiweke katikati ya meza, uone itakavyogombaniwa.

Ila itengenezwe kwa heshima, na hapa chumvi inarudi. Kata kitunguu chembamba, kifikiche kwa chumvi, kisuuze kwa maji baridi mara mbili. Ukali unaondoka, utamu unabaki. Nyanya ziwe zimeiva lakini bado ngumu, zile ambazo mama mboga anakuchagulia ukimwambia ni za kachumbari. Chumvi yake itie dakika ya kupakua, maana chumvi huvuta maji, na ukiiwahisha utawapa wageni mchuzi. Parachichi liingie mwisho, likamuliwe ndimu mara moja lisigeuke rangi. Pilipili ikatwe ndogo, au iwekwe kando kwa ajili ya watoto.

Na isilazwe hadi kesho. Kinachoweza kulala ni achari, embe au ndimu zilizohifadhiwa kwa chumvi, viungo na mafuta. Kachumbari na achari nazo watu huzichanganya, ila hilo silo lililonileta leo.

Kwa hiyo, dada yangu wa Buruburu, kachumbari yako ilikuwa tamu na nilirudia mara mbili. Mgeni akikuuliza tena kama kuna saladi, mwambie ipo, umpakulie. Hiyo "tu" ndiyo ninayokuomba uiache.