Je, wajua kwa nini matajiri wa New York walikubali kupanga fleti katika Dakota, jumba la ghorofa la mjini humo?

Mwaka 1880 tajiri wa New York alikaa nyumba yake peke yake, toka chini hadi paani. Kuishi na jirani juu ya dari lilikuwa jambo la mafukara. Edward Clark, mwanasheria aliyeongoza kampuni ya cherehani za Singer (ndizo hizohizo za barazani kwa mafundi wetu), aliona kinachochukiwa si ghorofa, ni kelele na kupishana na watu. Akamkabidhi msanifu majengo Henry Hardenbergh kazi ya kuchora Dakota.

Jibu lake kubwa ni ua wa wazi katikati. Jumba limeuzunguka, kando ya bustani kubwa ya Central Park, na gari la farasi liliingia kwa lango la Mtaa wa 72, watu wakashukia ndani. (Langoni hapo ndipo mwanamuziki John Lennon, aliyekuwa wa kundi la Beatles, alipopigwa risasi tarehe 8 Desemba 1980.) Kila pembe ya ua ina mlango, ngazi na lifti yake, hivyo familia chache tu hukutana. Watumishi na mizigo walikuwa na lifti zao. Ua pia huleta mwanga na hewa. Bila huo, vyumba vya kati vingekuwa giza tupu.

Sakafu ni mihimili ya chuma iliyojazwa matao ya tofali katikati. Moto haupiti kirahisi, wala vishindo vya jirani. Lakini sakafu hizo ni nzito, na mzigo wote unabebwa na kuta. Ndiyo maana kuta za chini ni nene kuliko za juu. Umeme ulitoka kwenye mtambo wa jumba lenyewe, kwani ule wa mvumbuzi Thomas Edison, ulioanza 1882, uliishia kusini mwa Manhattan.

Clark alifariki 1882. Jumba lilikamilika 1884, fleti zote 65 zikiwa na wapangaji: nyingine vyumba 4, nyingine 20. Ghorofa za juu kabisa ziliachiwa watumishi na kazi za kufua, kwa kuwa lifti ilikuwa bado ngeni na kukaa juu hakukuwa na hadhi.

Husemwa liliitwa Dakota kwa kuwa lilikuwa mbali na mji kama eneo la Dakota, kule magharibi mwa Marekani. Mimi siamini sana: Clark alipenda tu majina ya magharibi, hata alitaka barabara za jirani ziitwe Montana na Wyoming.

Tangu 1961 ni la ushirika. Mnunuzi hapati fleti, anapata hisa zenye haki ya kukaa humo, na kamati ya wakazi inaweza kumkataa hata fedha zikiwa mezani.