Kabla ya kibao, daftari: jinsi shule za Mwanza zinavyoweza kuwaenzi wanamichezo na walimu wao

Shule ikiamua kuwaenzi wanamichezo wake wa zamani, kikao cha kwanza huishia kwenye ukuta: uwe bwaloni au ofisini, vibao viwe vya shaba au vya mbao, mgeni rasmi awe nani. Mimi ni mtunza kumbukumbu, na shule za huku kwetu zikiniita kwa kazi hii huwa naomba ukuta usubiri. Tuanze na daftari. Jina likishapandishwa bila ushahidi, kulishusha ni fedheha kwa familia nzima.

Ugumu wetu mkubwa unatokana na mpangilio wenyewe wa michezo ya shule. Kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, mwanafunzi huanza na timu ya shule, akichaguliwa anachezea wilaya, halafu mkoa. Ngazi ya taifa hakuna tena shule ya Bwiru, Nsumba wala Nganza. Kuna Mwanza inayokutana na Mara au Kagera. UMITASHUMTA ya shule za msingi ni hivyo hivyo. Binti aliyefunga magoli ya netiboli kwa ajili ya mkoa anabaki kwenye karatasi za matokeo chini ya jina la mkoa, na shule iliyomlea haionekani popote. Kumrudisha shuleni kwake kunataka subira: rejista ya uandikishaji, barua za kuwaombea wanafunzi ruhusa ya kwenda kambini, cheti alichokihifadhi mwenyewe, picha ya timu iliyoandikwa majina kwa nyuma. Vyanzo viwili visivyotegemeana vikikubaliana, naandika. Kikiwa kimoja, jina linakaa kwenye faili likisubiri, hata kama mwenyewe leo ni mtu mkubwa.

Kuna pia pengo la mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya shule yaliposimamishwa. Vijana wa kipindi hicho waliendelea kucheza jioni, ila vyeti hawana. Kamati inayodai medali ya taifa kwa kila jina inawafuta wote kwa kosa lisilo lao. Na medali peke yake ni kipimo chembamba. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bendeji, na hakuna Mtanzania anayebisha kwamba anastahili heshima.

Sasa walimu. Hapa ndipo shule nyingi hukosea, na hapa ndipo ninapong'ang'ania. Karatasi ya matokeo humtaja aliyeshinda. Haimtaji mwalimu aliyechora mistari ya uwanja kwa chokaa, akashona nyavu, akaenda kumbembeleza mzazi amruhusu binti yake abaki mazoezini. Mwalimu huyo alihamishwa, akaenda Sengerema, akapelekwa Ukerewe, akastaafu Magu, na kila kituo kikamsahau kwa zamu yake. Mwanza tuna Chuo cha Ualimu Butimba, na kule Kwimba tuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kwa hiyo watu waliosomea kazi ya kufundisha michezo wamepita mikononi mwetu wengi. Njia ninayoiamini ni kuwauliza wachezaji wa miaka tofauti swali moja: nani alikufundisha? Jina likijirudia kwa watu wasiofahamiana, umempata. Mrekodi kwa sauti akiwa hai, na heshima yake apewe akiwa amekaa mbele akiisikia. Kumsubiri afe ndipo asomewe wasifu ni dhuluma.

Ndiyo maana nashauri makocha wawe na kundi lao na nafasi zao, wasipigiwe kura pamoja na wachezaji. Wakichanganywa, mfungaji maarufu atamshinda mwalimu kila mwaka. Wapo wanaofaa kote kuwili. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, Musoma, alipata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 kwa dakika 13:21.6, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na baadaye akawa kocha na kiongozi wa riadha. Kamati ieleze wazi mtu wa namna hiyo inamwenzi kwa lipi.

Kanuni ziandikwe kabla ya jina la kwanza kutajwa. Jumba la heshima la besiboli la Cooperstown, Marekani, lililochagua watu wake watano wa kwanza mwaka 1936, hudai asilimia 75 ya kura za waandishi, na mchezaji husubiri miaka mitano baada ya kustaafu. Shule si lazima iige namba hizo, lakini kusubiri kunasaidia: kunapunguza shinikizo la mfadhili anayetaka jina la mwanawe. Kura iwe ya siri, na wahitimu wa kike wawe kwenye kamati. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu kabla ya kumpandisha kocha yeyote wanapaswa kuulizwa wanafunzi aliowafundisha, kwa faragha, kama aliwatendea kwa heshima. Kanuni ya kuliondoa jina iwepo tangu siku ya kwanza.

Picha za zamani zisipigiliwe ukutani. Jua huzififisha, na selotepu huziharibu. Chapisha nakala, halisi iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu pasipofikiwa na mchwa.

Kwenye kibao cha mchezaji andika jina kamili, mchezo, miaka aliyosoma na sababu katika sentensi moja. Kwa mwalimu, ongeza vituo vyote alivyofundisha, ili shule nyingine zikisoma zijue nazo zina mtu wa kumtafuta.