Kiwanja cha tope hakidai kifusi

Hapa Malindi, masika yakishuka na uwanja ukajaa maji, ushauri ni ule ule wa tangu zamani: mwaga kifusi kwanza, maana tope huozesha kila ua. Si kweli. Asumini huoza topeni kwa sababu mizizi yake inakosa pumzi. Udongo ulioshiba maji hauna nafasi ya hewa. Mimea ya kinamasi ina njia yake.

Kata kikonyo cha yungiyungi, lile la kwetu lenye maua ya samawati, ukitazame pale kilipokatwa. Utaona vitundu vimepangana kama sega la nyuki. Humo ndimo hewa inamoshukia mpaka kwenye shina lililozama topeni. Mafunjo nayo yana nafasi za hewa ndani. Basi ile kona inayokukera kila mwaka ndiyo nyumbani kwao: yungiyungi lipe kidimbwi, mafunjo yataridhika na tope tupu. Samadi usizidishe, maji yatageuka kijani kwa mwani.

Na mbu? Kweli, huzaa kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo kidimbwini tia samaki wadogo wanaokula viluwiluwi. Lakini usivutiwe na maua ya zambarau ya gugu maji, hata ukipewa bure. Asili yake ni Amerika Kusini, na likishika hufunika maji yote.

Kabla ya yote, onja maji ya kisima chako. Yakiwa ya chumvi, yungiyungi halitakubali.