"Hiyo haikuwepo Zama za Kati": dhana za mezani na ukweli wake

Kwa wanaocheza gemu za mezani za kuigiza wahusika, zile za dadu na karatasi zenye mazimwi na ngome, kuna kauli moja inayomaliza kila ubishi: "hiyo sio kihistoria bana." Mtu anataka mhusika wake awe mama anayeongoza askari, anakatazwa. Mwingine anataka mpiganaji mweusi kwenye ufalme unaofanana na Ujerumani ya Zama za Kati, yaani kama karne ya 5 mpaka ya 15, anaambiwa anaharibu stori. Mi uhalisia naupenda sana, ndo maana hili linaniuma, kwa sababu kinachotetewa hapo mara nyingi ni muvi tulizoangalia, na historia yenyewe ilikuwa pana kuliko hizo muvi.

Dhana: naiti, yule mpiganaji wa farasi wa Ulaya, akivaa deraya kamili (vazi la chuma la vitani) hawezi kukimbia, akianguka ndo basi tena.

Ukweli: deraya kamili ya vitani ya karne ya 15 ilikuwa na kilo 20 mpaka 25 hivi, na uzito wenyewe umegawanywa mwili mzima, haukai mabegani peke yake. Kuna Mfaransa mmoja, Jean Le Maingre, aliyejulikana zaidi kama Boucicaut, akafariki 1421, wasifu ulioandikwa akiwa bado hai unasema alikuwa anapiga sarakasi akiwa ndani ya deraya yote isipokuwa kofia ya chuma. Kinachokuja kwa kweli ni uchovu. Utafiti wa 2011 uliwatembeza watu waliovaa deraya kwenye mashine ya mazoezi ikaonekana nguvu inayotumika inafika karibu mara mbili ya kawaida, kwa hiyo kama unataka kanuni ya uhalisia mpunguzie mhusika pumzi pambano likirefuka, usimnyang'anye wepesi tangu mwanzo.

Upanga nao hivyohivyo, watu wanautajia kilo 5 mpaka 10 wakati wa mkono mmoja ulikuwa kilo moja na kidogo, na ule mrefu wa mikono miwili ulicheza kwenye kilo moja na nusu. Halafu ile deraya ya ngozi iliyopigwa misumari, iliyozagaa kwenye vitabu vya gemu, ushahidi wake Ulaya hauonekani. Vichwa vya misumari tunavyoviona kwenye picha za zamani vilikuwa vinashikilia vibamba vya chuma vilivyofichwa ndani ya kitambaa.

Dhana: ukileta baruti umeshatoka Zama za Kati.

Ukweli: picha ya mzinga inayojulikana kuwa ya zamani kabisa Ulaya ni ya 1326, iko kwenye kitabu alichoandaliwa Edward III wa Uingereza, na Waingereza wanatajwa kuwa na mizinga kwenye vita vya Crécy, Ufaransa, mwaka 1346. Ile deraya kamili ya kung'aa kuanzia kichwani hadi miguuni ilikuja baadaye, karne ya 15. Yaani meza inaruhusu deraya hiyo, inaruhusu na ule upanga mwembamba wa kuchomea ambao ni wa karne ya 16, halafu mzinga wa 1326 ndo unaambiwa umewahi sana kuja. Kama baruti huipendi ni sawa kabisa, gemu ni yako, sema huipendi, usiisingizie historia.

Tena Dungeons & Dragons yenyewe, gemu maarufu ya aina hii, iliyotoka 1974, ilikua kutoka kwenye kanuni za vita vya vijisanamu na ilichanganya karne tangu siku ya kwanza.

Sasa wanawake. Nicola de la Haye alifanywa sherifu, yaani msimamizi wa mkoa kwa niaba ya mfalme, wa Lincolnshire, Uingereza, na Mfalme John mwaka 1216, na mwaka uliofuata, akiwa mjane mzee, akaishikilia ngome ya Lincoln ikiwa imezingirwa mpaka jeshi la upande wa mfalme, chini ya William Marshal, likafika kuiokoa. Na kama 1410 hivi mwandishi wa kike wa Ufaransa, Christine de Pizan, aliandika kitabu kizima cha mbinu za vita. Hawakuwa wengi, sawa, ila mhusika wa gemu naye ni mtu mmoja tu, huhitaji jeshi zima la akina Nicola ili mmoja akae mezani.

Na dhana inayonikera kuliko zote: eti mtu mweusi kwenye deraya ni mambo ya siku hizi. Nenda kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani. Kuna sanamu ya Mtakatifu Maurice ya katikati ya karne ya 13, sura ni ya Mwafrika kabisa, amevaa deraya ya pete za chuma na juu yake koti la mabamba, na wanaochunguza historia ya deraya wanaitumia sanamu hiyohiyo kama ushahidi wa mapema wa koti la aina hiyo! Kwa hiyo anayemkataa mhusika huyu kwa jina la uhalisia anamkataa shahidi wake mwenyewe. Na dunia ya wakati ule haikuishia Ulaya. 1331 msafiri Ibn Battuta yuko Kilwa anamsifia sultani kwa ukarimu, na dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilikuwa inapita hapo. 1415, mwaka uleule Wafaransa wanazama kwenye matope ya vita vya Agincourt dhidi ya Waingereza, twiga kutoka Malindi anafikishwa China. Ramani nyingi za gemu upande wa kusini zimeachwa jangwa tupu, wakati hapo inafaa kabisa kukaa bandari yenye sultani, sarafu zake na wafanyabiashara wake.

Sarafu zenyewe ndo sehemu ambayo ningependa watu wang'ang'anie historia. Mpiga upinde wa miguu wa Uingereza karne ya 14 alilipwa peni 3 za fedha kwa siku, na sarafu ya dhahabu ya huko iliyoanza 1344 ilikuwa na thamani ya peni 80, yaani karibu mwezi mzima wa kazi. Kwenye gemu upanga mmoja unauzwa sarafu 15 za dhahabu, ambayo kwa hesabu hiyo ni mshahara wa siku 400. Badilisha bei zote ziwe za fedha, halafu mpe mchezaji sarafu moja tu ya dhahabu uone atakavyoificha.