"Lakini dokta, insulini yangu iko normal"

Wiki hii nimeisikia tena na kwa kweli nimechoka. Mtu anaanguka alfajiri kabla hajanywa chai, jasho linamtoka, anaongea vitu havieleweki, akipewa soda baada ya dakika chache yuko fresh, halafu ananiletea karatasi ya maabara eti insulini iko normal kwa hiyo kongosho halina insulinoma (uvimbe unaomwaga insulini, homoni inayoshusha sukari). Sasa sukari ilikuwa ngapi damu ilipotolewa? Kama ilikuwa 2.4 mmol/L, yaani chini sana, basi insulini ilitakiwa iwe karibu haipo kabisa, kuikuta "normal" hapo ndo tatizo lenyewe!! Na kama sukari ilikuwa 5, yaani ya kawaida, hicho kipimo hakijatuambia chochote. Ndo maana tunakulaza ufunge mpaka masaa 72, maji tu, tunasubiri sukari ishuke ndo tupime.

Wengi wanadhani insulinoma ni tangi limejaa insulini. Wapi. Seli ya beta yenye afya, ile ya kongosho inayotoa insulini, inatengeneza proinsulini (insulini ghafi), inaikata kupata insulini na kipande kingine kinachoitwa si-peptaidi, inaweka kwenye vifuko na zinki, inasubiri sukari ipande ndo itoe. Seli za uvimbe akiba yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya seli yenye afya, ni kama duka lisilo na stoo, mzigo ukishushwa tu unatoka, hata ambao haujafungashwa, ndo maana naomba na proinsulini ipimwe na watu wanalalamika namaliza hela zao.

Eti uvimbe mdogo hauna madhara: insulinoma nyingi hazifiki sentimita 2 na zinaangusha mtu mzima. Ultrasound ya tumbo kutoona kitu haimaanishi hakuna kitu.

Eti ni kansa ya kongosho, nyumbani wameshaanza kulia: takribani 9 kati ya 10 si kansa, ikitolewa umepona.

Eti uvimbe usio na dalili hautengenezi homoni. Mwingine unatengeneza, tukiupaka rangi maalum maabara tunaiona, ila haitoki ya kutosha kukusumbua.

Kromogranini (protini ya damu tunayopima tukitafuta uvimbe wa aina hii) imepanda? Kwanza niambie kama unameza omeprazole, dawa ya asidi ya tumbo, maana nayo inaipandisha.

Na kabla ya yote hayo, njoo na vidonge vyote vilivyoko nyumbani, hata vya bibi mwenye kisukari. Glibenklamaidi ukiimeza kimakosa inapandisha insulini na si-peptaidi vilevile kama uvimbe, na mimi sitaki kumpeleka mtu theatre kwa sababu ya kidonge cha bibi.